Herufi Zenye Makwaruzo: Tabia na Matumizi ya Fonti ya Mwandiko wa Mkono

Msafiri atokaye Biharamulo kwenda Ngara huzisoma kuta kabla hajasalimiana na watu. Katika vituo vidogo vya biashara vilivyo kando ya barabara, rangi ya mafuta imepita juu ya plasta, juu ya mbao na juu ya mabati ya milango: MAHARAGE JUMLA NA REJAREJA, FUNDI BAISKELI, DUKA LA DAWA ZA MIFUGO, na hapa na pale, kwa herufi za kushtua, NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi hizo hazilingani. M moja ina miguu minene, ya pili imebanwa. Neno lililoanza kwa maringo upande wa kushoto wa ubao humalizika kwa kujikunyata upande wa kulia, kwa kuwa mchoraji aliishiwa na nafasi. Mwanafunzi aliyekulia Nemba, iliyo kata ya Wilaya ya Biharamulo, hakujifunza kusoma kwa herufi za vitabu peke yake. Alilelewa pia na herufi hizi.

Leo herufi za namna hiyo zimeingia katika kompyuta na kuitwa fonti. Fonti ni seti kamili ya herufi, tarakimu na alama zilizobuniwa kwa sura moja ili mtu yeyote aweze kuzichapa. Nyingi hubuniwa kwa ajili ya kusomwa kwa muda mrefu, kama zile za vitabu vya shule. Nyingine ni za mabango na vichwa vya habari: huandika maneno machache, kwa ukubwa, ili kumvuta mpita njia. Fonti ya mwandiko wa mkono yenye makwaruzo ni ya kundi hili la pili, na sababu za kuwa hivyo zaweza kupimwa kwa rula na kikokotoo.

Makwaruzo hutoka wapi

Brashi bapa iliyochovywa vizuri huanza mstari kwa unene na kuumaliza kwa ukavu. Mwanzoni rangi ni nyingi, nayo hutua ukutani kama kidonge. Katikati hutiririka sawasawa. Mwishoni nywele za brashi huachana, na kila unywele huacha mfereji wake mwembamba. Hiyo ndiyo sababu mkia wa R au mguu wa K huonekana kama uliochanwa. Ukuta nao una sehemu yake. Plasta ya mchanga mnene hupokea rangi vileleni na kuikataa mabondeni, hivyo kando ya herufi huwa na meno. Rangi iliyozidishiwa tina hushuka kwa uzito wake, na chini ya herufi hubaki michirizi. Rangi hiyo ya mafuta yenye kung'aa ndiyo Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, aliyoitumia Dar es Salaam kuchorea wanyama juu ya mbao ngumu. Mchoraji wa vibao na mchoraji wa picha hushika kopo la aina moja.

Kwa hiyo kila kasoro katika herufi ya brashi ina chanzo chake. Jicho la msomaji, hata asipojua chochote juu ya brashi, hutambua kwamba mkono ulipita hapo, kwamba ulikwenda haraka au taratibu, na kwamba uliinuliwa mahali fulani. Ndiyo maana nyumba iliyomo ndani ya hifadhi ya barabara hupigwa X nyekundu kwa rangi, nayo X hiyo humnyima mwenye nyumba usingizi. Haijanyooka, wala haihitaji kunyooka. Inasema kwamba mtu mwenye mamlaka alikuja, akasimama mbele ya ukuta huu na si mwingine, akaondoka. Alama hiyo hiyo ikichapwa kwa kompyuta kwenye karatasi safi na kubandikwa, maana ya kisheria yaweza kubaki ile ile, lakini nguvu ya ule ujio imepungua. Maneno NYUMBA HII HAIUZWI huvuna nguvu yake katika shamba hilo hilo: ni sauti ya mtu anayejihami, nayo yaonekana kwa mkono wake.

Jicho na umbali

Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitoa chati ya herufi ambayo hadi leo hutundikwa katika kliniki za macho. Kipimo chake ni hiki: jicho zima huweza kuitambua herufi ambayo urefu wake unafanya pembe ya dakika 5 mbele ya jicho, na ambayo unene wa mistari yake ni dakika 1, yaani sehemu moja ya tano ya urefu. Dakika moja ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kukokotoa mwenyewe kwamba kwa umbali wa mita 60 herufi hiyo ina urefu wa sentimita 8.7, na mstari wake unene wa sentimita 1.7 hivi. Huo ni mpaka wa mwisho wa uwezo, si kiwango cha starehe. Mchoraji mwenye busara ataizidisha mara tatu, afike sentimita 26.

Basi liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini, husafiri karibu mita 14 kwa sekunde. Mita 60 hizo huisha katika sekunde 4 na ushei. Katika muda huo abiria hasomi sentensi. Hunyakua maneno mawili au matatu.

Je, katika umbali huo huyaona makwaruzo? Chukua herufi ya ukutani yenye mstari wa sentimita 5, nayo meno ya kando yake yawe sehemu ya kumi ya unene huo, yaani milimita 5. Jicho lenye uwezo wa dakika moja litayatambua meno hayo kwa umbali usiozidi mita 17 hivi. Kwa abiria aliye mita 60 herufi ni nyeusi na kamili, haina jino hata moja. Huona umbo lake tu, na nafasi nyeupe zilizomo ndani yake. Jambo hili husahauliwa na wabunifu wengi. Makwaruzo hayamwiti mtu aliye mbali. Humwambia neno yule aliyekwisha kukaribia, anayeuweka mkono kwenye kaunta.

Upande wa pili wa kipimo ni ukurasa. Katika kitabu, herufi ndogo huwa na urefu wa milimita 2 hivi na mstari wa milimita 0.3. Makwaruzo ya sehemu ya kumi ni milimita 0.03. Kwa mtu anayesoma akiwa ameshika kitabu sentimita 40 kutoka machoni, kitu kidogo kuliko milimita 0.12 hakitengeki na jirani yake. Kwa hiyo makwaruzo hayo hayaonekani kama makwaruzo; huonekana kama uchafu, kama wino uliofifia au karatasi mbaya. Kichwa cha habari chenye herufi za milimita 40, kwa umbali huo huo, kina mstari wa milimita 8 na makwaruzo ya milimita 0.8, ambayo jicho huyaona bila taabu na kuyaita brashi. Hapo ndipo ilipo hoja nzima ya kutoitumia fonti hii katika maandishi madogo. Si suala la adabu ya uchapaji tu, ni pembe.

Lugha hukopesha

Hata hivyo herufi mbovu husomeka, na mara nyingi husomeka vizuri kupita zinavyostahili. Mwenye kukuta M-HAR-GE juu ya gunia hasiti kujua kilichomo. Herufi mbili hazipo, lakini neno limebaki zima, kwa sababu silabi za Kiswahili zina mpangilio unaotabirika na kwa sababu gunia lenyewe limesaidia. Mhandisi wa Marekani Claude Shannon alilipa jambo hili umbo la kihisabati mwaka 1948: kila lugha hubeba ziada, yaani alama nyingi kuliko zile ambazo ujumbe ungezihitaji kama kila alama isingeweza kukisiwa. Fonti yenye makwaruzo huishi kwa mkopo wa ziada hiyo. Kadiri msomaji anavyoijua lugha, ndivyo anavyomsamehe mwandishi.

Lakini wapo wasomaji wasio na akiba ya kukopesha. Mwaka 1968 Tanzania, kwa msaada wa UNESCO na UNDP, ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima kilichofungamana na kazi, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati huo. Vitabu vyake vilihusu kazi ambazo wasomaji walizijua kwa mikono yao, kama vile pamba, migomba na uvuvi. Mtu anayeanza kusoma hupita herufi kwa herufi. Halinyakui neno kwa umbo lake lote. Kwake a iliyofungwa vibaya ni o, na n iliyovimba ni h. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto wa darasa la kwanza, na kwa mgeni kutoka ng'ambo ya Rusumo asomaye kibao cha Kiswahili kwa mara ya kwanza.

Tena yako maandishi ambayo hayana ziada kabisa, hata kwa msomaji hodari. Namba ya simu ya mkononi hapa nchini ina tarakimu 10, na nyingi kati yake haziwezi kukisiwa kwa kutazama jirani zake. Tarakimu moja kati ya hizo ikifutika, namba zinazowezekana ni 10. Zikifutika mbili, ni 100. Siku hizi namba iliyoandikwa ukutani ndiyo mahali fedha zinapotumwa. 1 iliyopewa kofia kubwa ikawa 7, au 0 iliyotoa mkia ikawa 6, humpelekea mtu mwingine malipo ya mahindi. Katika duka la dawa za mifugo hatari ni ya namna nyingine. Ikiwa maelekezo yanasema mililita 10 za dawa kwa ndoo ya maji na mfugaji akasoma 70, hakuna silabi yoyote itakayomsahihisha. Ng'ombe ndiye atakayesahihisha, kwa kufa. Mwenye duka aweza kuliandika jina la duka lake kwa brashi yenye ghasia zote apendazo. Vipimo, tarehe za mwisho za matumizi, bei na namba za simu vinadai herufi nyofu.

Katika vibao vingi vya barabarani mgawanyo huu unaonekana tayari: jina limechezewa, namba imesimama wima kama askari. Hakuna aliyewafundisha wachoraji nadharia ya Shannon. Wateja waliokosa kupiga simu waliwafundisha.

Mkono usiochoka

Jitihada za kuiweka sura ya mkono ndani ya chapa ni za zamani kuliko kompyuta. Huko Marseille, Ufaransa, Roger Excoffon alitoa mwaka 1953 fonti iitwayo Mistral, iliyotokana na mwandiko wake mwenyewe. Ugumu wake ulikuwa kuziunganisha herufi za risasi zilizotengana zionekane kama zilizoandikwa kwa pumzi moja. Fonti ambayo walimu wengi wanaijua, pengine kwa kuichoka, ni Comic Sans ya Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft, iliyobuniwa mwaka 1994 baada ya yeye kuona mbwa wa katuni akisemeshwa kwa herufi rasmi za gazeti. Comic Sans ina upole wa mkono lakini haina makwaruzo. Kando zake ni laini kama sabuni.

Tatizo kubwa la fonti za namna hii ni kurudia. Mchoraji akiandika BARABARA hupaka A nne, na hazitafanana, kwa kuwa brashi inakauka, mkono unachoka na ubao unakwisha. Kompyuta huipiga A ile ile mara nne, pamoja na jino lile lile na mchirizi ule ule. Mara jicho linapolitambua hilo, udanganyifu umefichuka. Kiswahili ni mtihani mkali kuliko lugha nyingi katika jambo hili, kwa kuwa maneno yake humalizika kwa irabu na irabu a imezagaa kila mahali: DUKA LA DAWA ZA MIFUGO lina herufi 18, na 5 kati yake ni A. Aidha lugha huweka irabu mbili sawa kando kwa kando, kama katika MAANDAZI na CHOO, ambapo pacha husimama bega kwa bega na kumshtaki mbunifu hadharani.

Dawa ipo. Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitoa mnamo mwaka 1990 fonti iliyoitwa Beowolf, ambayo kando zake zilibadilika zenyewe kila herufi ilipochapwa. Baadaye mfumo wa OpenType, uliotangazwa mwaka 1996 na Microsoft na Adobe, uliruhusu herufi moja iwe na sura kadhaa ndani ya fonti moja, na programu izibadilishe kwa zamu kulingana na herufi za jirani. Hapa pana nafasi kwa mbunifu wa Afrika Mashariki kufikiri mwenyewe. Fonti zitokazo ng'ambo, zinapotoa sura mbadala, huzigawa kwa mahitaji ya lugha za huko. Kiswahili sanifu hakiitumii q wala x, na c huja tu pamoja na h. Mtu anayebuni kwa ajili ya Kiswahili aweza kuipa A sura sita, I na U sura nne nne, na kuiachia Q sura moja isiyo na kazi. Akumbuke pia kiritone cha ng'. Katika brashi ya ghasia kiritone hufanana sana na tone la rangi lililodondoka, na bucha lenye NYAMA YA NG'OMBE hubaki na NYAMA YA NGOMBE.

Kuna jambo jingine lisilopimwa kwa rula. Mwaka 1923 Mjerumani Rudolf Koch alitengeneza fonti iitwayo Neuland, akizichonga herufi zake moja kwa moja katika chuma bila kuzichora kwanza, hata herufi za ukubwa mmoja zikatofautiana na za ukubwa mwingine. Ni kazi ya fundi hodari wa mji wa Offenbach. Hata hivyo, kwa miongo mingi wachapaji wa Ulaya na Marekani wameibandika Neuland na ndugu zake juu ya vitabu na bidhaa za "Afrika", na juu ya wanyama wa mwituni kwa jumla, wakiwemo madubwana wa filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993. Herufi hiyo haina asili yoyote barani Afrika. Ukali wake umefanywa kuwa sura ya bara, na aliyezoea kuiona hudhani kwamba Waafrika huandika hivyo.

Mfano unaostahili kuwekwa kando yake uko Johannesburg. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyofunguliwa mwaka 2004 mahali palipokuwa gereza, ina maandishi yaliyobuniwa na Garth Walker kutokana na michoro na maandishi aliyoyakuta katika kuta za gereza hilo. Jina la mahakama limeandikwa mbele ya jengo kwa lugha 11. Hapo ukali wa herufi una chanzo kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole, na maneno ni machache, makubwa, yenye umbali wa kutosha kati ya msomaji na ukuta.

Kazi ya darasani

Shule yenye kompyuta moja na simu yenye kamera yaweza kutengeneza fonti yake. Wanafunzi huandika kwa brashi na wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, kila herufi mara kadhaa, bila kusahau tarakimu na kiritone. Picha huingizwa katika kompyuta na kando za herufi hufuatwa kwa programu isiyolipiwa, kwa mfano FontForge. Ndani yake kila herufi ni mkusanyiko wa nukta zilizoungwa kwa mistari na mikunjo. Herufi I iliyonyooka hutosheka na nukta 4. I iliyopakwa kwa brashi kavu huweza kudai mamia. Mwalimu wa hisabati atapata hapo somo la mikunjo lenye manufaa, na pia swali zuri: ni nukta ngapi zaweza kufutwa kabla brashi haijatoweka?

Kisha jaribio. Andikeni neno moja, tuseme MAHARAGE, na namba yoyote ya kubuni yenye tarakimu 10, vyote kwa fonti hiyo na kwa urefu wa sentimita 5. Vibandikwe ukutani nje ya darasa. Mwanafunzi asiyejua kilichoandikwa aanzie mita 50 na kusogea, akisimama kila baada ya mita 2 kusema anachokiona, na mwenzake aandike umbali wa neno kusomwa sawasawa na umbali wa namba kusomwa sawasawa. Kwa hesabu ya Snellen herufi za urefu huo zingetambulika kutoka mita 34 hivi. Wanafunzi wachache watalisema neno mapema kuliko hapo, kwa kukisia. Tofauti kati ya umbali huo na umbali wa namba ndiyo kiasi cha mkopo walioupata kutoka katika lugha, nayo yaweza kuandikwa kwa mita.